Uliza Kabla ya Kubomoa

Mazungumzo ya redio
Somo: Yoshua 4:1–9 na 20–24

Popote ulipo, kama uko jikoni unachochea moto, au unafungua duka lako, au umelala kitandani kwa ugonjwa, karibu tuketi pamoja kwa muda huu mfupi.

Somo letu la leo latoka katika kitabu cha Yoshua, sura ya nne. Wana wa Israeli wamekwisha kuvuka mto Yordani, na maji yalisimama mbele yao. Kabla hawajaendelea na safari, Bwana anamwamuru Yoshua achague watu kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, na kila mtu ajitwike jiwe begani kutoka katikati ya mto. Mawe hayo yakasimamishwa Gilgali. Hayakuwekwa pale kwa kujengea nyumba, wala hatusomi kwamba dhabihu ilitolewa juu yake. Kazi yake ilikuwa kungoja. Siku moja mtoto atapita, atayaona, naye atamwuliza baba yake maana yake. Na Bwana alitaka baba awe na la kujibu.

Leo nataka niwasimulie habari ya mawe mengine, ambayo mimi mwenyewe niliyaondoa mahali pake pasipo kuuliza. Naona haya kuisimulia, lakini nimeona ni heri nione haya mbele yenu kuliko kuendelea kuificha.

Jambo lenyewe lilifunuliwa kwangu kwa njia ya baiskeli. Miaka michache iliyopita daktari alinipima damu, akaniambia kwamba sukari imeanza kupanda. Akasema, "Pasta, wewe unakaa mno. Ukitoka kwenye kiti cha ofisi unaingia kwenye kiti cha gari." Basi nikanunua baiskeli iliyokwisha kutumika, yenye karia imara nyuma na kengele isiyolia, nikaanza kuzitembelea sharika kwa miguu yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza vijana wa bodaboda walinicheka. Wiki ya pili waliniuzia pampu.

Tangu zamani wahenga husema, tembea uone. Lakini mimi nilikuwa nimetembea sana katika nchi yetu ya Homa Bay na Migori, wala sikuwa nimeona. Ndani ya gari mtu huona vumbi la gari lililo mbele yake. Juu ya baiskeli, mlima ukikushinda unashuka, unasukuma, na mtu aliyeketi kivulini anakusalimu, "Oyawore, Pasta." Huwezi kupita bila kujibu. Ukijibu, utaulizwa unatoka wapi. Ukieleza unakotoka, utaambiwa habari za mahali ulipo.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa ya kutoka Homa Bay kwenda Kendu Bay, nikiuzunguka Mlima Homa. Karibu na Kendu Bay pako Gendia, ambapo ndugu zetu Waadventista Wasabato walianzisha misheni yao mwaka 1906, mwaka ule ule wamisionari wa CMS walipofungua kituo cha Maseno. Hapo karibu pia pana ziwa dogo la mviringo liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya chumvi na magadi, rangi yake ya kijani, na korongo wekundu tunaowaita flamingo huja kula kandokando yake. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Wataalamu wa ardhi wanasema ni shimo lililofumuka kwa nguvu ya volkeno.

Lakini mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi pale ukingoni alinieleza kama wazee wa huko wanavyoeleza. Zamani palikuwa na kijiji hapa, jina lake Simbi. Usiku mmoja watu walikuwa katika karamu, wanakula na kunywa na kucheza ngoma. Akaja bibi kizee, amelowa kwa mvua, akaomba kuota moto na kupata chakula. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, akamwingiza nyumbani kwake. Bibi yule akamwambia amchukue mumewe watoke upesi. Mume, kwa ulevi wa karamu, hakukubali. Mwanamke akatoka, na nyuma yake maji yakashuka kwa nguvu, kijiji chote kikazama. Ndiyo maana ya jina lile, Simbi iliyozama.

Wasikilizaji wapenzi, mzee yule hakujua kwamba anazungumza na kasisi. Aliponyamaza, nilijikuta nawaza habari za Lutu na Sodoma, na waraka kwa Waebrania sura ya 13, unaotuonya tusisahau kuwapokea wageni. Kwa miaka mingi nimehubiri juu ya ukarimu, nami nimetumia mifano ya nchi za mbali. Mfano ulikuwa hapa, kando ya barabara niliyoipita mara nyingi, na kila mtoto wa Kendu Bay anaujua.

Nilipokuwa nikirudi nilipita sehemu za Kanjera, ambako Louis Leakey alichimba mifupa ya kale mwaka 1932. Upande ule ule wa rasi ya Homa pana Nyayanga. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza kwamba wamechimbua huko zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko wa ziwani yenye alama za kukatwa, nao wakakadiria umri wake kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mwaka 2025 wakaandika kwamba mawe mengine ya kutengenezea zana hizo yalibebwa kutoka umbali wa hata kilomita 13. Najua hesabu za namna hii huwasumbua baadhi ya waumini. Mimi sikushuka kwenye baiskeli ili kubishana juu ya mamilioni. Niliwaza tu habari ya yule aliyebeba jiwe mwendo wote huo, kwa sababu alijua lina kazi. Nikajiuliza mimi nimebeba mawe gani, na nimeyapeleka wapi. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunichoma, maana nilikumbuka jambo nililolifanya.

Nilipotoka chuo cha theolojia nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na maneno mengi. Nilipelekwa katika usharika mmoja wa mashambani, ambao sitautaja jina. Washirika walikuwa wakisali katika nyumba ya udongo iliyoinamia upande mmoja, nao walitamani kanisa la mawe. Tulifanya harambee, tukapata mabati na saruji kiasi, lakini fedha za kununua mawe ya msingi hazikutosha. Lori moja la mawe lilikuwa na bei kubwa kuliko sadaka zetu za miezi mingi.

Juu ya kilima karibu na hapo palikuwa na ukuta wa zamani wa mawe, wa mviringo, uliokwisha kuanguka sehemu nyingi. Mahali pengine ulinifika kiunoni. Ndani yake paliota vichaka na mipungate mirefu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Pasta, mawe si yale pale? Bwana ameyaandaa tayari." Sote tukafurahi. Tukaazima mkokoteni wa ng'ombe.

Siku ya pili ya kazi akaja jaduong' mmoja, mzee aliyeketi kila Jumapili katika benchi la nyuma. Alisimama akiegemea fimbo yake, akatazama vijana wakiyang'oa mawe. Kisha akaniambia kwa upole, "Pasta, mawe haya yana watu wake."

Ndugu zangu, lile lilikuwa neno la mtu anayebisha hodi. Alikuwa akingoja niseme, "Ni watu gani, jaduong'? Nieleze." Lakini mimi nilikuwa na jibu kabla ya swali. Nikamwambia kwamba haya ni mambo ya giza na ya ushirikina, na kwamba hata Gideoni aliibomoa madhabahu ya Baali. Vijana wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaondoka polepole.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani kama kawaida. Alinipa mkono mlangoni. Hakulisema tena jambo lile, nami nikadhani amekubali. Msingi ukajengwa, kanisa likasimama, askofu akaja kuliweka wakfu. Baadaye nilihamishwa. Nilipopata habari kwamba mzee yule amefariki, nilituma pole kwa simu, nikaendelea na kazi zangu.

Sasa turudi kwenye baiskeli. Baada ya ile safari ya Kendu Bay niliamua kwenda upande wa kusini, mpaka Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, mahali nilipokuwa nikipasikia tangu utotoni bila kufika. Nilitoka Homa Bay alfajiri, nikapita Rodi Kopany, nikaingia Ndhiwa. Hapo ni nchi ya Kanyamwa, alikotoka Gor Mahia, mganga mwenye sifa ambaye timu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1968 imechukua jina lake. Nikawauliza vijana watatu waliovaa jezi za kijani kama wanajua Gor Mahia alikuwa nani. Mmoja akasema ni timu. Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba mimi nami ningalijibu vivyo hivyo juu ya mambo mengi.

Pancha moja na chupa nne za maji baadaye, nikafika Thimlich. Katika Kijaluo jina lile lina maana ya msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Mahali pale palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 pakaandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pa saba katika Kenya. Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu wanakadiria yalijengwa katika karne ya kumi na sita. Kuta nyingine zinapita mita nne kwa urefu wa kwenda juu, na unene wake ni mita moja au zaidi. Katika zote hakuna saruji, wala hakuna udongo wa kushikanisha. Ni jiwe juu ya jiwe.

Kijana aliyeniongoza alinionyesha jinsi ukuta ulivyopangwa. Upande wa nje kuna safu ya mawe makubwa, upande wa ndani kuna safu nyingine, na katikati pamejazwa mawe madogo madogo. "Pasta," akasema, "haya madogo huyaoni ukiwa umesimama nje. Lakini ukiyatoa, yale makubwa yataanguka." Milango ni mifupi na myembamba, hata mtu hawezi kuingia kwa kukimbia. Inakubidi uiname, na aliye ndani anakuona kichwa kabla wewe hujamwona. Watu wa siku zile walijilinda hivyo, wao na ng'ombe wao, dhidi ya wavamizi na wanyama wakali. Ndani yapo mashimo ya duara yanayoonyesha nyumba zilikuwa wapi, zizi lilikuwa wapi, na mawe ya kusagia nafaka. Pana na mwamba uliochongwa vishimo vya kuchezea bao, na pana mahali walipofua chuma.

Kijana akaendelea kunieleza kwamba kabila moja lilipohama, jingine lilikuja likaingia, likatengeneza palipoanguka, likakaa. Waliofuata hawakuwa na lugha moja na waliotangulia. Hata hivyo hawakubomoa ili waanze upya. Na hivyo ndivyo ilivyoendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kisha akasema, "Maboma ya namna hii katika nchi yetu hii ya kusini mwa Nyanza yamehesabiwa zaidi ya 500. Mengine yamekwisha. Watu wamechukua mawe kujengea."

Sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimeushika ukuta wa Kochieng kwa mkono wangu, nami nikautambua. Ulikuwa ni ukuta ule ule wa kilimani kwangu: safu mbili za mawe makubwa na madogo katikati. Vijana wangu waliyatupa yale madogo kwa sababu hayakufaa kwa msingi.

Usiku ule nililala kwa mwinjilisti mmoja, lakini usingizi haukuja. Niliwaza, Gideoni aliibomoa madhabahu akijua ni nini. Ilikuwa ya baba yake mwenyewe, naye aliona kwa macho yake watu wakimwabudu Baali pale. Mimi nilibomoa kitu nisichokijua, kisha nikajifunika kwa jina la Gideoni.

Wiki mbili baadaye nilirudi katika ule usharika wa zamani. Nilikwenda kwa baiskeli, kwa maana niliona si vyema niingie pale kwa gari kama mgeni mkubwa. Sikuanza kanisani. Nilikwenda nyumbani kwa yule jaduong', nikamkuta mjane wake ameketi barazani. Sisi Wajaluo humwita bibi wa namna hiyo Dani. Nikamsalimu, nikaketi chini kwenye mkeka, nikamwambia, "Dani, nimekuja kwa habari ya mawe."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Nyathina, umechelewa. Lakini umekuja."

Nikamwomba msamaha kwa kuchukua mawe na kwa kumcheka mumewe mbele ya vijana. Akanijibu neno ambalo sitalisahau. "Mzee hakukukataza kuchukua mawe. Hata yeye alilitaka kanisa. Alitaka umwulize kwanza."

"Nimwulize nini, Dani?"

Ndipo akanieleza. Boma lile halikuwa mahali pa kuabudia pepo. Lilikuwa nyumba ya watu, na babu wa mumewe alizaliwa ndani yake, wakati watu walipokuwa bado wanajificha humo na mifugo yao. Baadaye watu walitoka wakajenga nje, ukuta ukabaki mtupu. Siku zile ndipo mwinjilisti wa kwanza alipofika sehemu hizo kwa miguu, na kitabu mkononi. Hakupewa nyumba, kwa maana watu walimwogopa. Basi akachagua kivuli cha ukuta ule, na humo akawafundisha herufi wasomaji wa kwanza, josomo, kama walivyoitwa. Baba wa yule jaduong' alikuwa mmoja wao. Akina mama wa kwanza kuomba kwa jina la Yesu katika kijiji kile waliomba wakiwa wameketi juu ya mawe yale.

Wasikilizaji wapenzi, mmeelewa? Nilidhani nabomoa giza ili nijenge kanisa. Nilikuwa nabomoa kanisa letu la kwanza.

Nikamwuliza, "Dani, walikuwa akina nani, hao wasomaji?" Akafumba macho, akataja majina matatu. Akajaribu la nne, likamponyoka. Akasema, "Mzee aliyajua yote. Alikuwa akiyataja jioni akiota moto. Mimi nilikuwa napika."

Hapo barazani palikuwa na jiwe la kusagia, limechakaa katikati kama sahani. Akaniambia kwamba siku zile tulipokuwa tukikokota mawe, mumewe alikwenda usiku akaliokota lile moja, akalileta nyumbani kwenye wilbaro. Nikauliza kama litafaa kuwekwa kanisani kwa kumbukumbu. Akacheka, akasema, "Hilo ninasagia wimbi. Mje mlitazame hapa hapa."

Ndugu zangu, nimelileta jambo hili katika redio kwa sababu najua si mimi peke yangu. Wako watumishi wanaopelekwa mahali papya, na kabla ya kuijua njia ya kisimani wamekwisha kubadilisha kila kitu. Wako wakwe wanaoingia katika boma na kulaumu kila desturi kabla hawajaulizia maana yake. Wako vijana wenye elimu wanaomwona mzee asiyejua kusoma kuwa mtu asiyejua kitu. Nasi wazazi, wengi wetu hatuna la kuwajibu watoto wakituuliza, kwa sababu sisi wenyewe hatukuuliza.

Hebu tuwatazame watu wawili katika Maandiko. Wa kwanza ni Isaka. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, twasoma kwamba Wafilisti walikuwa wamevifukia visima vilivyochimbwa siku za Ibrahimu. Isaka alipofika alivifukua, naye akaviita kwa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Angaliweza kuviita kwa jina lake, kwa maana jasho lilikuwa lake. Lakini kwa Isaka, jina la zamani lilikuwa sehemu ya maji.

Wa pili ni mtume Paulo. Alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, roho yake ilichukizwa. Hata hivyo, kitabu cha Matendo, sura ya 17, kinatueleza kwamba alitembea, akazitazama ibada zao kwa makini, hata akaikuta madhabahu moja yenye maandishi juu ya Mungu asiyejulikana. Akaanzia hapo kuhubiri. Paulo hakuogopa kusema kweli, wala hakubariki sanamu. Lakini alitazama kwanza, ndipo akasema.

Simaanishi kwamba kila kitu cha zamani ni kitakatifu. Yako mambo ya mababu yaliyowafunga watu kwa hofu, na Injili imetufungua, nasi twamshukuru Mungu. Yako ya kubomolewa. Lakini anayebomoa imempasa ajue anabomoa nini, na njia ya kujua ni kuuliza. Kuuliza kunamtaka mtu ainame, kama nilivyoinama kwenye mlango wa Kochieng. Mtu aliyesimama wima kwa kiburi chake hawezi kuingia humo, hata akiwa na digrii.

Nabii Isaya, katika sura ya 51, anawaambia watu wamtafutao Bwana wauangalie mwamba waliochongwa kutoka kwake, yaani Ibrahimu na Sara. Na Petro, katika waraka wake wa kwanza, anatuita sisi mawe yaliyo hai, tunaojengwa kuwa nyumba ya kiroho. Nikiyasoma maneno hayo sasa nauona ukuta wa Thimlich. Najiuliza ni nani katika usharika wangu aliye jiwe dogo la katikati, asiyeonekana kutoka nje: yule mzee wa benchi la nyuma, yule mama anayefagia kanisa Jumamosi, ambaye tukimtoa, sisi wakubwa tutaporomoka.

Je, tulifanya nini baada ya hayo? Hatukuweza kuujenga tena ule ukuta. Mawe yake yako chini ya kanisa, na hapo yatakaa. Lakini kasisi wa sasa wa usharika ule alinikubalia Jumapili moja nisimame mbele ya washirika. Nikaungama yale niliyowaambia ninyi leo. Kisha tukawaomba wazee waseme wanachokikumbuka. Mwanzoni palikuwa kimya. Halafu mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama akataja jina. Mwingine akasema, "Huyo alikuwa na dada yake, naye alisoma pale." Kijana mmoja wa sekondari alikuwa akiandika katika daftari. Mpaka saa saba mchana tulikuwa na majina kumi na moja, pamoja na lile la nne lililomponyoka Dani. Daftari hilo linakaa sakristia pamoja na kitabu cha ubatizo, na vijana wanaendelea kuliandika.

Mmoja wa wale waliocheka siku ile na mimi, ambaye sasa ni baba wa watoto, alinifuata nje. Akasema, "Pasta, mtoto wangu ameniuliza mbona mawe ya msingi wa kanisa letu si ya kuchongwa kama ya makanisa mengine. Sasa nina la kumjibu."

Basi, msikilizaji mpenzi, nina ombi moja kwako juma hili. Katika boma lako, au jirani yako, yuko mzee anayejua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Pengine ni jina la aliyeleta Injili kwenu, pengine ni habari ya kisima, au ya mti, au ya ukuta ulioanguka. Mwendee. Kama una baiskeli, panda. Kama huna, tembea. Keti chini, umwulize, kisha unyamaze ili asikike. Na kama unaye uliyemcheka zamani, naye yu hai bado, usitume pole kwa simu baada ya mazishi kama nilivyofanya mimi. Nenda leo.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewavusha baba zetu katika mito mingi, tusamehe kwa kuwa tumebomoa kwa haraka na kuuliza kwa uvivu. Utupe masikio ya kuwasikia wazee wetu wakiwa bado pamoja nasi. Uwafariji walionyamaza kwa sababu tuliwadharau. Uwape watoto wetu maswali mema, nasi utupe majibu ya kweli. Utujenge pamoja, wakubwa na wadogo, tuwe nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.